Mikono Iliyolisha Watoto wa Mutuka

Mtoto aliyekataa kula alipelekwa kwa Dorothea, Mama Rogath. Ndivyo tulivyofanya Mutuka kwa miaka mingi, na sikumbuki mtu aliyeuliza kama kuna njia nyingine. Mama aliyeshindwa alimfunga mtoto mgongoni, akabeba uji kwenye kopo lenye mfuniko, akafuata njia inayopita kwenye mbaazi mpaka uani kwa Dorothea. Akifika hakuwa na maelezo mengi. "Shikamoo Mama Rogath. Huyu amenishinda." Dorothea aliitikia, akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda chake.

Kigoda kilikuwa cha miguu mitatu, kifupi, kimeng'aa kwa kukaliwa. Alimlaza mtoto mapajani, kichwa kikielekea upande wa kushoto, na miguu akaibana katikati ya magoti. Mkono wa kushoto ulizunguka shingo, vidole viwili vikaziba pua. Kiganja cha kulia alikikunja kama kata, akakibandika mdomoni, na mama wa mtoto akamimina uji humo. Mtoto alikaza midomo mpaka pumzi ikamwishia. Alipofungua kinywa kutafuta hewa alikutana na uji, akameza kwa sababu hakuwa na pengine pa kuupeleka. Kopo lilipokuwa tupu mtoto alikuwa amelegea, macho yamevimba, kifua kimelowa uji, kamasi na matapishi. Dorothea alimpangusa kwa ncha ya kitenge na kumrudisha kwa mama yake. "Ameshiba," alisema.

Nyumba yetu ilipakana na yake, ua wa minyaa tu katikati. Kelele zile tulizizoea kama mtu anayekaa karibu na machinjio anavyozoea mbuzi. Watoto wakubwa waliwatisha wadogo kwa maneno mawili, "Utakalishwa kigodani," na sahani ilisafishwa.

Mtu asidhani Dorothea alikuwa mtu mbaya. Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na jirani mwenye njaa hakurudi mikono mitupu kutoka kwake. Lakini alikuwa na jambo lake moja la zamani, na kila mtoto aliyeletwa kwake alilishwa kwa sababu ya jambo hilo.

Mtoto wake wa kwanza aliitwa Anthony. Alikuwa ndiyo kwanza anatembea kwa kushika ukuta alipougua surua. Surua ilipoondoka, hamu ya kula haikurudi. Dorothea, wakati huo msichana aliyeolewa juzi, alimbembeleza. Aliweka uji, akaondoa, akaweka tena, akamwimbia. Anthony alikufa kabla ya mahindi mapya kukomaa. Kwenye msiba, mbele ya wanawake wote waliokaa chini, mama mkwe alimchapa Dorothea kofi la uso, akamwambia, "Umemzika kwa kubembeleza." Hakuna mwanamke aliyeinuka kumtetea. Mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kazi ya kigoda alipojifungua Rogath.

Rogath alilishwa hivyo tangu alipoanza kukataa uji mpaka alipokuwa na nguvu za kung'ata. Aling'ata kweli. Dorothea alibaki na kovu chini ya kidole gumba, na alikuwa akilionyesha watu huku akicheka. "Alitaka kunila mimi badala ya uji," alisema.

Rogath akawa mtu wa kifua kipana, mchinjaji mwenye bucha yake Babati mjini, na wenzake husema hakuna anayeangusha ng'ombe haraka kama yeye. Kwa Dorothea huo ndio ulikuwa ushahidi. Mama akisita kumimina uji, alioneshwa Rogath akipita na visu vyake kwenye mfuko. "Mtazame. Huyo ni uji wangu." Kitu ambacho hatukukizingatia ni kwamba Rogath hakunywa uji kabisa. Alfajiri machinjioni, wenzake walipozunguka ndoo ya mama muuza uji, yeye alisogea mbali na kutafuna kiporo cha ugali. Uji ukichotwa nyumbani kwake, alitoka nje. Tulidhani ni maringo ya mtu wa nyama.

Alimwoa Veronica, binti wa Singe, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali anayeuza perege wa ziwani. Walijenga uani hapo hapo kwa Dorothea, wakamzaa Konstantini, ambaye kila mtu humwita Kosta. Mtoto alipozaliwa Rogath alimpa mama yake amri moja tu, bila sababu: asikalishwe kigodani. Dorothea alicheka, akasema mtoto mwenyewe ndiye atakayeamua.

Kosta alianza kula kama mtu asiyejua kuwa chakula kinaweza kukataliwa. Alikula mlenda ukamtiririka mpaka kitovuni. Alikula mbaazi zilizopondwa, ndizi, perege aliyetolewa miiba, hata mnavu ambao kwa uchungu wake wakubwa wengine hukunja uso. Bibi yake alimtazama kwa raha, kigoda kikiwa kimetupwa kwa kuku. Kisha, alipopita miaka miwili, mtoto akageuka. Alianza kukataa mnavu. Ikafuata mboga yoyote ya kijani, halafu mbaazi kwa sababu ya maganda, halafu perege ambaye jana yake tu alimlilia. Alitaka ugali na maziwa ya mgando, na visiguswe na kitu kingine. Jani la mlenda likidondokea ugali, sahani nzima ilisukumwa.

Veronica alimpeleka kliniki. Nesi alimpima, akasema uzito si wa kutisha. Alimweleza kuwa watoto wengi hugeuka hivyo wakishaanza kukimbia wenyewe. Chakula walichokipenda wanakiogopa, halafu wakiendelea kukua wengi wao wanakirudia. Alimshauri aendelee kukiweka hicho hicho, kidogo, ale naye mbele ya mtoto, na asigombane. Veronica alirudi akayaeleza yote uani. Dorothea katika maelezo yote alisikia neno moja, mwache. Aliwahi kumwacha mmoja.

Siku ya mnada Veronica aliondoka mapema na ndoo zake za samaki, akamwacha Kosta kwa bibi. Mtoto alikuwa na homa kidogo. Asubuhi alikataa mboga, jambo ambalo halikuwa jipya. Jua lilipopanda alikataa maziwa. Alijilaza kwenye mkeka, ameuelekeza uso ukutani, na Dorothea alisema baadaye kwamba ile shingo nyembamba kwa nyuma ilikuwa ya Anthony. Akapika uji, akakorogea mlenda ndani ili apate vyote kwa pamoja, akakitoa kigoda kwa kuku.

Hakuwa na wa kumiminia, akafanya peke yake. Alibana, akaziba, akachota kwa kiganja. Kosta alirusha miguu, akapiga kichwa kwenye kifua cha bibi yake, akang'ata. Dorothea akabana zaidi. Mlenda unateleza, na uji wenye mlenda hauchagui njia. Baada ya muda mtoto alinyamaza. Watoto wengi walionyamaza kigodani walikuwa wamesalimu amri, kwa hiyo Dorothea aliongeza kiganja kingine.

Rogath aliingia uani kufuata kisu alichokisahau. Alimwona mwanawe midomo imekuwa ya bluu, macho yametazama juu. Alikipiga kigoda teke, mama yake akaanguka chali. Alimnyakua mtoto kwa miguu, akamning'iniza kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja kizima, tena na tena, mpaka uji na mlenda vikatoka puani na mdomoni, na nyuma yake kikafuata kilio kibaya, cha kukwaruza. Akamlaza kwenye mkeka. Kisha akauchukua mchi uliokuwa umeegemea kinu.

Mimi na Leonsi, jirani wa upande wa chini, tulikuwa tumeshavuka ua baada ya kusikia kelele za mtoto zimekatika ghafla. Tulifika mchi ukishuka. Dorothea aliinua mkono wa kulia kujikinga, na mfupa ulilia kama kuni kavu inayovunjwa kwa goti. Rogath akauinua mchi tena. Leonsi aliudaka kwa nyuma, akapigwa kiwiko cha mdomo kilichomng'oa jino, lakini hakuachia. Mimi nilimkumbatia Rogath kiunoni. Alituburuta wote wawili kama ndama.

"Ulinifanya hivi mimi," alimwambia mama yake. Hakupaza sauti. "Huyu hapana."

Dorothea alikuwa ameketi mavumbini, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. "Na wewe si uko hai?" alisema.

Rogath aliutazama mkono ule. Aliuachia mchi, akaenda kuchukua shoka, na kwa dakika moja tuliamini anarudi kummaliza. Akakipasua kigoda. Alikipasua vipande vidogo kuliko inavyohitajika kwa kuni, akavitia jikoni chini ya sufuria ya ule uji.

Veronica alirudi akakuta watu wamejaa uani. Kabla hajauliza kitu Rogath alimtandika kofi, akimuuliza kwa nini amemwacha mtoto. Veronica alimrushia ndoo nzima ya perege waliobaki, ikampasua juu ya jicho. "Mama yako nimemzaa mimi?" aliuliza, magamba ya samaki yakiwa bado mikononi mwake. Wakapakiwa wote kwenye gari moja kwenda hospitali, mtoto, bibi, baba na Leonsi akiwa na jino lake kwenye leso.

Uji ulikuwa umeingia mapafuni. Kosta alilazwa akiwa na nimonia, na kwa siku kadhaa haikujulikana kama atapona. Dorothea alifungwa plasta kutoka begani mpaka vidoleni. Wazee wa ukoo walikaa, maana mtu aliyempiga mama yake hawezi kuachwa hivi hivi akasalimiane na watu. Walimtaka Rogath aombe radhi. Alikataa. Walipomweleza kwamba laana itawafuata watoto wake, alijibu kuwa mtoto anaye mmoja, na laana imeshamfikia kooni. Akainuka. Mlangoni aligeuka akasema mtoto akifa watazika wawili siku moja, yeye na bibi yake, wajiandae.

Kosta hakufa hospitalini. Alirudi nyumbani, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipoanza, kwa sababu hakufungua mdomo tena. Sasa haikuwa mboga. Akikiona kikombe tu alipiga kelele mpaka akatapika nyongo. Kijiko alikipiga kikaruka. Maziwa ya mgando aliyoyapenda yalikaa mpaka nzi wakayamaliza. Akimwona bibi yake alijikojolea. Veronica aliligundua jambo moja, kwamba mtoto anakula kile tu ambacho hakupewa. Aliokota punje za mahindi ya kuchoma zilizoanguka, akanywa maji kwa kiganja kwenye ndoo, alipodhani hakuna anayemwangalia. Mbavu zilianza kuhesabika. Kila jioni Rogath alirudi, akamwinua, akampima kwa mikono yake iliyozoea kupima nyama, akamweka chini, akatazama nyumba ya mama yake ng'ambo ya ua.

Dorothea naye alikuwa na njaa. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta na wa kushoto hautumiki mezani. Mtu mzima aliyelelewa vizuri hawezi. Kwa hiyo Veronica, ambaye hakuwa amemsamehe, alilazimika kumlisha. Alimlisha kimya, matonge makubwa, ya moto. Siku moja, akiwa ametoka kupokea matusi ya mumewe, alisukuma tonge kabla la kwanza halijamezwa. Dorothea alisogeza uso pembeni.

"Kula," Veronica alisema. Akalisukuma tena, likagonga meno. Akamshika mama mkwe wake kidevu.

Dorothea alikaza midomo. Ugali na mlenda vilimshuka kidevuni mpaka kwenye kitenge, na macho yakamtoka. Veronica aliutazama mkono wake mwenyewe ulivyoshika. Akauondoa, akaufuta kwenye nguo. Walikaa hivyo mpaka ugali ukaganda juu. Mwishowe Dorothea aliomba sahani iwekwe chini na kila mtu aondoke.

Kuanzia hapo alikula kwa mkono wa kushoto, nje, peke yake, kwenye mkeka ule ule. Kwa kuona aibu aliupa ua mgongo, akaelekea ukutani. Alikula ovyo kama mtoto. Mlenda ulimtiririka kwenye kiwiko, mbaazi zilimponyoka zikabingirika nyuma yake. Kosta alikuwa ndani ya mlango wa mama yake. Bibi ambaye haonekani uso wala viganja hakumtisha sana. Alitoka hatua kwa hatua, siku baada ya siku, akaanza kuokota mbaazi zilizobingirika.

Dorothea alimsikia. Alitaka kugeuka, Veronica anasema mabega yalimtetemeka kwa kutaka kugeuka, lakini hakugeuka. Akaendelea kudondosha. Sijui ni lini kudondosha kulikoma kuwa bahati mbaya. Aliisogeza sahani nyuma ya nyonga yake, akawa anaifikia kwa shida, akala, akatafuna kwa sauti. Mara moja Kosta alichovya kidole kwenye mlenda, akalamba, akautema kwenye kitenge cha bibi. Dorothea aliendelea kutafuna. Kesho yake alichovya tena akatema. Keshokutwa hakutema.

Siku hiyo Rogath alirudi mapema. Alimwona mwanawe amekaa chini, mgongo umegusana na mgongo wa mama yake, na kati yao sahani. Alikuwa na panga la kukatia mifupa mkononi. Mke wake alisimama njiani. Alimwambia kwa sauti ya chini kuwa akipita hapo ampitie yeye kwanza. Rogath alimshika shingo, akambana kwenye nguzo ya jiko. Veronica hakupiga kelele, maana kelele ingemrudisha mtoto ndani. Alinyoosha kidole tu. Kosta alichota ugali, akauchovya kwenye mlenda, akaula. Akachota tena. Mkono wa Rogath ukalegea. Aliliweka panga chini, akatoka nyuma ya nyumba, na Leonsi alimkuta huko akiupiga ukuta wa tofali kwa ngumi, damu ikimchuruzika.

Mengine yalikuja kwa mwendo wake. Mvua zilipoanza Kosta alikuwa anakula mlenda na maharage, na plasta ilikuwa imeshatolewa, ingawa mfupa uliunga ukiwa umepinda. Perege alirudi baadaye sana, siku alipowaona watoto wa jirani wakigombania kichwa cha samaki. Mbaazi za kupikwa alianza kuzila akienda chekechea. Uji, tuliodhani hataugusa maisha yake, aliuomba mwenyewe. Chekechea watoto wote hunywa uji kwa wakati mmoja, na hakutaka kuwa peke yake. Mnavu anaukataa mpaka leo. Kila ukipikwa, kijiko kimoja huwekwa pembeni ya sahani yake, na kila mara hubaki, na hakuna anayesema lolote. Mama aliyekuja na kopo lake na mtoto mgongoni, Dorothea alimwonyesha mkono uliopinda. Hawaji tena.

Radhi Rogath hakuiomba. Lakini alikuwa akimpelekea mama yake maini, anayaacha mlangoni bila kubisha.

Asubuhi moja mwaka huu, Kosta akiwa na miaka mitano, Rogath alikuwa amekaa uani akinoa visu. Mtoto alimletea kikombe cha uji. Alikibeba kwa mikono miwili, polepole, macho kwenye uji usimwagike, akasema, "Baba, mtamu." Veronica aliacha kufagia. Rogath alikitazama kikombe, akamtazama mwanawe. Akakipokea. Akanywa.

Uso ulibadilika ukawa wa mtu anayezama. Uji ulirudi kwa nguvu, puani na mdomoni, ukalowesha visu, na mkono ukakirusha kikombe. Kilipita karibu na sikio la mtoto, kikapasuka ukutani. Rogath alisimama ameshika kisu kirefu, anahema, anatazama huku na huku kama haoni mtu. Veronica alikuwa ameshaokota mchi.

Kosta hakulia. Aligeuka kwa bibi yake aliyekuwa mlangoni, akamweleza kama anayetoa taarifa. "Bibi, baba hapendi uji."

Dorothea alimtazama mwanawe muda mrefu, ule uji kifuani, yale macho yaliyovimba. Mkono uliopinda uliinuka kidogo, kama unaotafuta ncha ya kitenge, ukarudi chini.

"Mwache," alisema. "Msimlazimishe."

Kosta aliingia ndani akatoka na kikombe chake mwenyewe. Alikaa chini karibu na baba yake, akampa mgongo, akaanza kunywa kwa sauti.